Betri, Mvua na Mzee Swalehe

Jumamosi, 12 Januari 2008. Songea

Laptopu kumi na mbili, siku moja, mtu mmoja. Hapa chuoni hakuna atakayeiandika habari hiyo, kwa hiyo naiandika mwenyewe. Zimekuja na basi kutoka Dar, mitumba ya ofisi fulani ya Ulaya, zote za aina moja, zimejaa picha za harusi za watu nisiowajua. Nimezifuta zote na kuziwekea Windows upya. Kadi ya mtandao ikakataa kuamka, maana haikuwa na draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuielewa kadi yake. Nikachukua CD niliyonunua Kariakoo kabla ya kupanda basi la huku. Draiva ya kwanza ilikataa, ya pili ikakataa, ya tatu ikakubali. Jina lake halikulingana sawasawa na la kadi, lakini mtandao ulishika, na saa kumi na moja jioni nilikuwa sijatia kitu tumboni. Nikaipachika hiyo ya tatu kwenye zote kumi na mbili, nikafunga mlango.

Mkuu wa Chuo, Bwana Kajetani, alinikuta nikitoka. "Mwalimu Lightness, nyie Wachaga mna mikono!" Mimi Mmeru, lakini sifa ni sifa, nikaipokea hivyo hivyo.

Jumatatu, 14 Januari

Somo la kwanza la intaneti isiyo na waya. Wanafunzi walikuwa wanainama chini ya meza kutafuta waya. Mzee Swalehe, mlinzi wetu, akachungulia dirishani: "Mwalimu, sasa hiyo intaneti inapita wapi?" Nikamwambia inapita hewani. "Basi leo imepita kwenye lindo langu bila kuniaga," akasema, darasa zima likacheka.

Ni Myao wa Namtumbo, umri wa baba yangu. Miaka tisa yuko langoni hapa mtaa wa Lizaboni, na amebakiza miezi minane astaafu, jambo analomwambia kila anayeingia. Yeye ndiye anayewasha jenereta umeme ukikatika. Pia anachaji simu za majirani na za kwetu, kwa vijisenti. Hakuna aliyewahi kumkataza.

Alhamisi, 24 Januari

Mvua ya kutisha, barabara ya kuja chuoni imegeuka mto. Umeme ulikatika saa nne. Mzee Swalehe akawasha jenereta, lakini jenereta yetu ndogo, inalisha tu ofisi ya Mkuu na kabati la koridoni lenye ruta, sanduku linalogawa mtandao. Darasani tukaendelea kwa betri. Dakika kumi hazikuisha, mtandao ukapotea kwenye laptopu moja, zikafuata mbili, mwisho darasa zima. Umeme uliporudi tukazima na kuwasha, mtandao ukashika kama vile hakuna kilichotokea.

Ni mvua. Dishi linaloleta intaneti liko juu ya paa, na mvua hii ingezima hata jua.

Ijumaa, 25 Januari

Mvua. Mtandao umekatika mara tatu.

Jumanne, 29 Januari

Fundi wa dishi amekaa juu ya paa saa nzima na mwavuli. Ameshuka amelowa, akaniambia, "Dishi lako zima, dada. Mchawi wako mtafute humu ndani." Nikamwambia mimi sitafuti wachawi, natafuta hitilafu. Akacheka akaomba chai.

Jumatano, 6 Februari

Jumatano ya Majivu. Nusu ya darasa wana majivu kwenye paji la uso. Jua kali, wingu hata la dawa hakuna. Saa tano mgao wa umeme ukatufikia, jenereta ikawashwa, na baada ya dakika nane mtandao ukapotea. Kwa hiyo si mvua. Wiki mbili nimewaambia watu ni mvua.

Sasa nimekaa na kufikiri. Kila unapopotea, Mzee Swalehe ametoka koridoni muda si mrefu. Anaingia, anageuza swichi ya jenereta, anatoka, na sisi tunapotea. Sikutaka kuliandika hili lakini limekwisha kuandikika.

Jambo la pili. Laptopu moja haijawahi kupotea hata siku moja, ya Ludovika. Ludovika ni mwanafunzi wetu mkubwa kuliko wote, mama wa watoto watatu kutoka Mbinga, ana miaka thelathini na minane na hamwogopi mtu. Laptopu yake betri imekufa kabisa, na Mzee Swalehe alimwonea huruma akamvutia ekstensheni kutoka kwenye kabati la ruta mpaka mezani kwake, ili naye apate umeme wa jenereta. Wenzake wamekwisha kuanza: Ludovika ana mtu wake, Ludovika anapendelewa. Leo nimewasikia na sikuwanyamazisha.

Jumatatu, 18 Februari

Umeme umekuwepo siku nzima. Mtandao shwari. Mzee Swalehe alinikaribisha mhogo wa kuchemsha, nikasema nimeshiba.

Jumatano, 27 Februari

Kumbukumbu ya Majimaji. Mji mzima uko makumbusho. Nimefua.

Jumatano, 5 Machi

Nitaandika yote.

Leo ilikuwa mtihani wa majaribio. Taasisi ya Dar inaurusha saa nne kamili, mwanafunzi anaufanya akiwa mtandaoni, akipotea zaidi ya dakika mbili mlango unafungwa. Nilikuwa nimeomba kila ninachojua kuomba. Saa nne na robo umeme ukakatika. Nikasikia jenereta ikikohoa na kushika. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Dakika ya saba msichana wa mbele akasema, "Mwalimu, yangu imeganda." Kisha wote kwa pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza. Wawili walikuwa wanalia.

Nikakimbia koridoni. Mzee Swalehe alikuwa ameinama mbele ya kabati, mkono umo ndani.

"Mzee, unafanya nini humo?"

"Natazama waya wa yule mama kama umekaa vizuri. Si leo mtihani?"

Kwenye ile ekstensheni kulikuwa na chaja tano za simu zimebanana na plagi ya ruta. Taa za ruta zilikuwa zinawaka. Humu sina wa kumdanganya, kwa hiyo naandika: taa zote nne zilikuwa kijani, niliziona, na sikutaka kuzijua.

"Umeugusa!" nikamwambia. "Kila siku unaugusa kwa ajili ya visimu vyako!"

"Wallahi sijagusa, mwanangu. Sanduku lenyewe siligusi, naliogopa."

"Usiniite mwanangu."

Na katika zile simu tano, moja ilikuwa ya kwangu. Nilimpa asubuhi mwenyewe, nikiharakisha. Kabla ya kwenda kumwita Mkuu niliichomoa nikaitia mfukoni. Mzee Swalehe alinitazama nikifanya hivyo.

Mkuu alipofika zilikuwa simu nne. Akauliza mara moja tu, "Mwalimu, una uhakika?" Nikasema ninao. Kati ya wanafunzi kumi na wawili, aliyemaliza mtihani ni mmoja, Ludovika, na hilo likawa ndio ushahidi wenyewe: mlinzi anakata wengine na kumwachia mtu wake. Nimeandika maelezo ya kurasa mbili na kusaini.

Jumatatu, 10 Machi

Barua imesomwa mstarini, mbele ya chuo kizima, bendera ikipandishwa. "Amesimamishwa kazi kwa kuhujumu mtandao wa chuo, akisubiri uamuzi wa Bodi tarehe kumi Aprili." Mkuu aliisoma kwa sauti ya kanisani. Mzee Swalehe alisimama palepale langoni akaisikiliza yote.

Baadaye alikuja ofisini kukabidhi. Tochi, filimbi, funguo, moja moja juu ya meza. Bodi ikithibitisha kwamba ni hujuma, anaondoka mikono mitupu, miaka tisa imekwenda na maji. Akanigeukia.

"Mwalimu, uliniona nikigusa?"

"Niliona chaja, Mzee."

"Hilo sikukuuliza."

Akatoka. Mlinzi wa kampuni amekwisha kukaa kwenye kiti chake, ana sare ya bluu na kirungu. Mkuu naye kaondoka kwenda Dodoma kwa wiki tatu.

Alhamisi, 13 Machi

Mafuta ya mitambo ya umeme yamefika mjini, mgao umesimama. Mtandao shwari siku tatu mfululizo. Nilikuwa sahihi, basi. Nimelala vizuri.

Jumanne, 18 Machi

Sikuwa sahihi.

Mvua ilianza saa tatu, umeme ukakatika saa nne kasoro. Mlinzi wa kampuni akawasha jenereta akarudi langoni. Dakika nane. Darasa zima likapotea, na safari hii Ludovika naye alikuwemo. Mlinzi mpya aling'oa ekstensheni yake siku ya kwanza, kwa hiyo leo Ludovika alikuwa ameazima laptopu ya mwenzake ambaye hakuja, yenye betri nzima.

Aliwaacha wenzake watoke, akasimama mbele ya meza yangu.

"Mwalimu, miezi miwili wananisema mimi. Kwamba nina mzee wangu. Haya, mzee hayupo. Leo nani ametukata?"

Nikasema labda ni mvua.

"Mvua!" Akapiga meza kwa kiganja. "Ile yangu mbovu haijapotea hata siku moja. Leo nimekalia nzima, nimepotea kama wenzangu. Mimi kompyuta sizijui, mwalimu ni wewe. Lakini mimi nimelea watoto watatu, najua kumtambua anayekwepa swali."

Kaondoka bila kuaga. Nimekaa kwenye darasa tupu nikisikiliza mvua kwenye bati. Yake ilikuwa na umeme wa waya kila wakati. Zetu zilikuwa kwenye betri. Tofauti ni hiyo tu, na ilikuwa mbele ya macho yangu tangu Januari.

Jumatano, 19 Machi

Umeme upo. Nimechukua laptopu mbili, nikaziweka sambamba, nikazifungulia mtandao. Moja nikaiacha kwenye waya, ya pili nikaichomoa. Hakuna aliyewasha jenereta wala aliyekaribia kabati, ufunguo nilikuwa nao mimi. Dakika nane na sekunde chache, ile ya betri ikapotea. Nikazibadilisha. Ikapotea ile nyingine. Nimerudia mara sita mpaka nikaona aibu kurudia tena.

Ikiwa kwenye betri, draiva ile inailaza kadi ili kubana umeme, na haijui kuiamsha. Haijui kwa sababu si draiva ya kadi hii, ni ya kadi ya kabila jingine, ya mwaka 2003. Ruta ilikuwa nzima na taa zake kijani muda wote. Dishi lilikuwa zima. Mkono wa Mzee Swalehe ulikuwa mzima.

Nimeipata draiva halali kwenye tovuti ya watengenezaji. Imechukua saa moja na dakika arobaini kushuka. Nimeziwekea laptopu zote, moja moja, nikisoma jina herufi kwa herufi. Nimezichomoa zote kwenye umeme, isipokuwa ya Ludovika isiyo na betri. Zimekaa saa nzima bila kupotea hata moja.

Nilitegemea nitafurahi.

Jumapili, 23 Machi

Pasaka. Sikumsikia mchungaji.

Jumanne, 1 Aprili

Mkuu amerudi. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza. Nimeingia ofisini, yeye akaniwahi, uso unang'aa.

"Mwalimu Lightness, nimeuliza kila darasa. Wiki mbili hizi mtandao haujakatika hata mara moja, umeme uwepo usiwepo. Unaona? Tangu tumtoe yule mzee, umetulia. Bodi haitakuwa na swali."

Kurekebisha kwangu ndiko kumekuwa shahidi wake. Laptopu ningeziacha mbovu, angalau zingeendelea kumtetea Mzee Swalehe.

Akaongeza kwamba Bodi hiyohiyo itanithibitisha kazini, miezi yangu ya majaribio imekwisha. "Kwako ni kama imekwisha kupita," akasema. Nikasema asante Mkuu. Mimi, niliyemfokea mzee wa watu koridoni mbele ya wanafunzi, nimesema asante Mkuu kwa sauti ya panya.

Jumatano, 2 Aprili

Mtihani umerudiwa. Umeme ulikatika katikati. Wote kumi na wawili wamemaliza, Ludovika kwa ekstensheni niliyomvutia tena mwenyewe. Mkuu kaagiza soda. Yangu nimeimwaga.

Jumatatu, 7 Aprili

Sikukuu, nilikwenda sokoni. Nikamkuta Ludovika kwenye dagaa wa Nyasa. Hakunizungusha.

"Umezitengeneza wewe?"

"Ndiyo, dada."

"Zilikuwa na nini?"

Nikamweleza, hapohapo kati ya mafungu ya dagaa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mkuu anajua?"

Nikainamia fungu la dagaa.

"Basi ulivyotengeneza kimyakimya, ndivyo ulivyomkaanga mzee wa watu," akasema, akalipia dagaa wake akaenda.

Nilikuwa namwona ni mama msumbufu. Leo nilitamani anikemee zaidi, ili niwe nimemaliza.

Alhamisi, 10 Aprili

Bodi imekaa saa tatu asubuhi. Wajumbe watano, mwenyekiti Mama Brigita, mkaguzi mstaafu wa shule, miwani imefungwa kamba shingoni. Mzee Swalehe aliitwa kwa barua, hakuja. Mkuu akasoma maelezo yangu, kurasa zote mbili. Kuyasikia maneno yako yakisomwa na mtu mwingine ni adhabu peke yake. Kisha akasema mwalimu mwenyewe yupo, atathibitisha.

Nikasimama. Nikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, maelezo yale si kweli. Mtandao nilikuwa naukata mimi."

Mkuu akacheka kidogo, akidhani nimechanganya maneno. Nikatoa laptopu na ile CD ya Kariakoo. Nikawaambia nitairudishia draiva ileile mbele yao, kisha niichomoe kwenye umeme, na baada ya kama dakika nane watauona mtandao ukipotea bila mkono wa mtu. Mama Brigita akavua saa ya mkononi akaiweka mezani. "Endelea."

Dakika ya tano hakuna kitu. Ya sita Mkuu akaanza kupekua makaratasi. Ya saba. Ya nane ikafika, ikapita, na mtandao upo. Ya tisa. Mjumbe mmoja akasema, "Mwalimu, labda una huruma tu na yule mzee, ni jambo jema." Nikaona jinsi lilivyo rahisi kukubali. Ningesema ndiyo, nina huruma, ningeketi, ningethibitishwa kazini, na wote wangenipenda. Nikabaki nimesimama. Nikaangalia skrini, nikaona alama ya umeme inawaka: pini ya chaja haikuwa imetoka yote, na kiwiko cha Mkuu kilikuwa kimeisukuma irudi ndani.

"Mkuu, naomba mkono," nikasema. Akauondoa. Nikaichomoa pini yote, tukaanza upya. Chumba kizima kilikuwa kinasikia saa ya Mama Brigita.

Dakika nane na sekunde kumi, mtandao ukapotea.

Mama Brigita akamgeukia Mkuu. "Kajetani, ya mezani kwako ya waya, siku hizo zote, ilikuwa inakatika?"

"Hapana," akasema Mkuu polepole. "Haijawahi."

"Na inapita kwenye ruta hiyohiyo. Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza, Mama."

Ni kweli. Nani angekwenda kumbishia hodi Mkuu na kumuuliza intaneti yake inaendeleaje? Na yeye aliandika barua ya kumsimamisha mzee kwenye kompyuta ambayo haikukosa mtandao hata dakika moja.

Mzee Swalehe amerudishiwa kazi na haki zake zote. Mimi nimeongezewa miezi sita ya majaribio na onyo la maandishi. Mkuu hanisemeshi. Barua ya Mzee nimeomba nipeleke mwenyewe.

Jumamosi, 12 Aprili

Kijijini kwake ni mbele ya Namtumbo, basi mpaka njia panda, kisha miguu kwenye tope. Nilimkuta kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, anapanga majani, macho mekundu kwa moshi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, akaniletea kigoda, akaendelea na kazi yake.

Nilimweleza yote. Draiva, betri, taa za kijani. Nikamweleza na simu yangu. "Hiyo niliiona," akasema.

Nikampa barua. Akaisoma polepole, akaikunja, akanirudishia.

"Ile ya kwanza ilisomwa wapi?"

"Mstarini, Mzee."

"Na bendera inapanda. Wajukuu wa majirani zangu wanasoma pale. Huku kijijini habari ilifika kabla yangu. Hii nayo unaniletea mfukoni, huku kwenye moshi?" Akachukua jani jingine. "Ikasomwe palepale. Na asisome Kajetani. Usome wewe."

Nikasema sawa. Nilipoondoka mke wake alinifungia karanga kwenye gazeti. Niliona aibu hata kuitazama ile fadhila.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua imeacha. Chuo kizima mstarini, Mkuu ameangalia viatu vyake. Mzee Swalehe alisimama pembeni amevaa kanzu safi na koti, si sare.

Nilisoma barua ya Bodi. Kisha nikaongeza ya kwangu, niliyoiandika jana: kwamba hitilafu niliiweka mimi tarehe kumi na mbili Januari kwa haraka na kiburi, kwamba nilimshuhudia uongo mtu aliye sawa na baba yangu, na kwamba moja ya simu zile ilikuwa yangu nikaificha. Nilikuwa nasoma kwa sauti ndogo. Nikafika mwisho, nikakunja karatasi.

Mzee Swalehe akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu," akasema, "walio nyuma hawakusikia. Rudia."

Nikaikunjua karatasi, nikasoma tena kwa sauti kubwa, kuanzia tarehe.